Mgeni Asiyesimama Kanisani

Sifa zote ni zako, Mungu wa wajane na wapita njia, uliyenivusha mipaka nisiyoweza hata kuitaja, ukanipa katika mji huu wa Durban mlango ninaoufunga na kuufungua mwenyewe. Umenipa miaka, umenipa chakula cha leo, na umenipa subira ya kupanda ngazi za jengo ambalo lifti yake haitengenezwi. Nakushukuru kabla sijaanza kusimulia, maana ninayotaka kusimulia yamejaa mashaka, na mtu akishaingia kwenye mashaka husahau kushukuru.

Naishi Albert Park, katika jengo refu ambalo ukifungua dirisha asubuhi unasikia Kilingala kutoka juu, Kizulu kutoka chini, na Kiswahili cha kila namna kwenye ngazi. Mume wangu alifia hapa, watoto wametawanyika. Huko kwetu, kabla vita havijatufukuza, nilifundisha Neno katika chuo kidogo cha kanisa, na ndiyo sababu wenzangu hapa wananiita Mama Mukubwa, ingawa walionizidi umri wapo.

Siku moja alikuja kwangu mwanasheria mmoja, binti wa Kenya anayefundisha chuo kikuu na kusali nasi akipata nafasi. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakataa chai. Hapo nikajua ana jambo.

"Mama," akasema, "ile rumu ya nyuma bado haina mtu?"

"Ina mabegi ya watu waliokwenda Kanada."

"Mabegi nitayabeba mimi. Kuna dada anataka mahali pa kupumua. Wiki chache tu, Mama."

Akanieleza. Dada huyo alikuwa mtetezi wa haki za watu katika nchi ambayo sitaitaja. Wanavijiji wa huko walitimuliwa mashambani ili mgodi uchimbwe, na yeye alipita nyumba kwa nyumba akiwasikiliza na kurekodi jinsi walivyopigwa na kuchomewa. Shauri lao lilikuwa karibu kusikilizwa. Mashahidi, wengi wao wazee, walikuwa wamejificha, na aliyejua kila mmoja yuko wapi alikuwa yeye peke yake. Mwenzake wa kazi alichukuliwa njiani na hajaonekana tena. Kwa hiyo watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, wakashikana mikono kumtoa. Mmoja alimtafutia tiketi, mwingine alimpokea uwanjani, mwingine alimlaza Johannesburg. Sasa ilikuwa zamu ya Durban.

"Wakimpata kabla ya shauri," mwanasheria alisema, "watamfanya aseme wale wazee wako wapi. Basi kesi imekufa, na wazee pia."

Niliitikia upesi. Mimi mwenyewe nilipofika mji huu nililala sebuleni kwa watu wasionijua, wakanipa blanketi kabla ya kuniuliza jina. Lakini mwanasheria alikuwa bado hajamaliza.

"Usimuulize jina, Mama. Usimuulize kijiji. Usimpige picha. Na usimpeleke kanisani."

"Hata kanisani?"

"Hasa kanisani."

Neno hilo lilinichoma.

Alifika adhuhuri, jua likiwa kali, na begi moja la mgongoni. Mwembamba, si kijana na si mzee, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alinisalimia kwa magoti kama mtoto aliyelelewa, kisha akasimama, akatazama dirisha, akatazama mlango, akatazama picha ya marehemu mume wangu ukutani.

"Huyu ni nani?"

"Baba wa nyumba. Amelala."

"Amelala wapi?"

Nikaelewa kwamba anauliza chumba. "Makaburini, mwanangu," nikasema. Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Siku za kwanza tulikaa kama watu wawili waliokutana kwenye ngazi gizani, kila mmoja akingoja mwenzake apite kwanza. Hakula chakula changu mpaka anione nimetangulia kumeza. Kikombe nilichokiosha alikiosha tena. Aliuliza nani mwingine ana ufunguo, nani hukusanya kodi, kwa nini mlinzi wa lango anavaa koti wakati wa joto. Mezani alichagua kiti kinachotazama mlango, nami nikachagua kinachomtazama yeye.

Siku moja, tukichambua mchele, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kule kanisani kwenu, nani huwa anasafiri nyumbani mara kwa mara?"

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Ni lazima nieleze kwa nini. Miaka michache nyuma alikuja kwetu msichana mwenye sauti nzuri, akaimba katika kwaya, akala katika nyumba zetu zote, akajua mtoto wa nani yuko wapi. Baada ya yeye kuondoka, ndugu za baadhi yetu waliobaki nyumbani walianza kuitwa ofisini mmoja mmoja, wakiulizwa watu wao wa Durban wanasema nini juu ya serikali. Kama ni yule msichana aliyepeleka maneno, hatujui mpaka leo. Ingekuwa heri tungejua. Kwa kuwa hatukujua, tulianza kutazamana wenyewe kwa wenyewe, hata kwenye meza ya Bwana, na kila mgeni anayeuliza maswali mazuri tunamjibu kwa tabasamu la mdomo tu.

Na huyu alikuwa anauliza maswali mazuri mno.

Nilimpigia mwanasheria. "Una hakika naye?"

Akacheka simuni, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Mama, yeye ameniuliza hivyo hivyo juu yako. Jana."

Jambo hilo lilinikasirisha siku nzima, na jioni likanichekesha. Kumbe katika nyumba ile hapakuwa na mwenyeji wala mgeni. Palikuwa na wapelelezi wawili wanaogawana sufuria.

Asubuhi husali kwa sauti, ni desturi yangu. Nilikuwa nikisikia mbao za sakafu zikilia nje ya mlango wa chumba changu. Siku moja nikakatiza sala, nikafungua ghafla. Alikuwa amesimama pale, kiganja ukutani.

"Unasikiliza nini?"

"Nasikiliza unaniombea kwa jina gani," akasema, bila haya.

"Nasema, yule wa rumu ya nyuma. Mungu anaijua ramani ya nyumba hii."

Kisha akaingia, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, akafumba macho. Nilipofumbua yangu katikati ya sala kumchungulia, nikamkuta naye amefumbua ya kwake.

Sasa nieleze desturi ya kanisa letu, kwa maana ndiyo iliyoleta yote. Kila Jumapili, baada ya nyimbo za kwanza, wageni husimama. Mgeni anataja jina, jimbo alikotoka, kanisa alikosali, na ameshukia kwa nani. Kisha kanisa zima linaimba, watu wanatoka vitini kumshika mkono, na juma hilohilo akina mama wanakwenda kumpokea nyumbani na vyungu vya chakula. Hakuna anayefika Durban akiwa peke yake, tunajivunia hilo. Mimi mwenyewe nilipokewa hivyo. Ndiyo maana mtu mwenye mgeni ambaye hamleti asimame anaonekana kama aliyefunika jambo kwenye chungu.

Kiongozi wa akina mama, ambaye sote tunamwita Mama Prezida, ana kibanda cha kuuza na kutengeneza simu mkabala na jengo letu. Macho yake hayatengenezi simu tu.

"Mama Mukubwa," akaniita siku moja nikipita, "banasema uko na mugeni."

"Nani anayesema?"

"Taulo inasema. Kwa barza yako iko taulo mbili. Wewe toka lini unaoga mara mbili?"

Wateja wake wakacheka. Sikutaka kusema uongo, na sitaki kuusema uzeeni.

"Nina mtu nyumbani," nikasema. "Zaidi ya hapo, tafadhali, usiniulize."

"Ni mutu wa shida?"

"Ni mtu wa Mungu."

"Eish, Mama! Sisi bote ni batu ya Mungu, lakini tuko na majina."

Nikaondoka, na mgongoni nilisikia kicheko kimezimika haraka mno. Kabla ya juma kwisha minong'ono ilikuwa imefika hadi kwenye saluni za kando ya bustani. Mtu wa serikali ya kule kwetu amelala kwa Mama Mukubwa. Amekuja kutuhesabu. Dada mmoja ambaye nilimsimamia ndoa yake aliniona dukani akahamia foleni nyingine. Nami, Mungu anisaidie, sikuweza kumwambia kwamba amekosea, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Jumamosi alasiri nikasikia wimbo kwenye ngazi. Mwanzo ulikuwa mbali, ghorofa za chini, kisha ukapanda pamoja na vishindo vya miguu na milio ya vifuniko vya vyungu. Wanakuja kumpokea mgeni. Nilimwona mgeni wangu akiruka kama paka, akaingia bafuni, akafunga komeo.

Ningeweza kukataa kuwafungulia? Wanawake sita, wamebeba vyungu vichwani na kupanda ngazi zote zile, na chakula chenyewe kingali moto? Kwetu hilo ni tusi lisilosameheka. Nilifungua. Wakaingia wakiimba, wakapanga mezani sombe ya majani ya muhogo, fufu iliyofungwa vizuri, samaki wa kukaanga, na macho yao yakazunguka nyumba nzima kama ya watoza kodi.

"Iko wapi mugeni?" Mama Prezida akauliza.

"Yuko bafuni."

"Tutangoja. Bafu haina kitanda."

Wakaketi. Wakaendelea kuimba, sasa polepole, wimbo wa kumsindikiza mtu aliyefiwa, ule unaoimbwa pande za kwetu na hata ng'ambo ya mpaka. Sijui kwa nini walichagua huo. Komeo likalia. Mgeni akatoka, uso umelowa, sijui ni maji au machozi, akasimama mlangoni akaimba nao ubeti wa mwisho. Alijua sauti ya pili.

"Voilà," akasema Mama Prezida, sauti imelegea kidogo. "Kuya kula, dada. Wewe mutoto ya nani?"

Mgeni akaninyooshea kidole. "Wa huyu."

"Ya huyu? Mama Mukubwa, ulizaa lini, tukiwa tumelala?"

Kicheko kikapasuka, na mimi pia nikacheka. Tukala. Kwa muda wa sahani moja ya fufu nilisahau kuogopa. Walimuuliza maswali kwa werevu, kama watu wanaotoa miba kwenye samaki, naye akawajibu kwa werevu zaidi. Kila swali alilirudisha na swali. Nilikuwa nimeanza kufurahia mchezo ule nilipoona mmoja wao amesimama, ameinua simu juu ya meza.

Ni desturi pia. Kila wanapompokea mgeni wanapiga picha ya chakula na kuituma kwenye kundi la akina mama, ili wale ambao hawakuja waone wivu. Kundi hilo lina wa Durban, wa Ulaya, wa Kanada, na wa nyumbani.

Mgeni alisukuma kiti. "Umepiga?"

"Nimepiga sombe tu, dada! Angalia." Akamwonyesha. Sombe ilikuwa imetokea vizuri. Na pembeni, juu ya mfuniko wa chungu, ilikuwa nusu ya uso wa mgeni, jicho, shavu na kovu dogo la kidevuni, wazi kabisa.

"Ifute."

"Nimeshatuma. Banaitikia tayari. Moja anauliza ni nani huyu mupya."

Hakupiga kelele. Aliketi, akaweka mikono miwili mezani kati ya sahani, akawaambia. Hakusema jina wala nchi. Aliwaambia tu kwamba kuna wazee waliompa maneno yao juu ya mashamba yao, kwamba wanaowatafuta hawajui walipo, na kwamba sasa wanaweza kujua yeye yuko wapi. "Nikipatikana, si mimi nitakayetangulia kufa," akasema. "Watatangulia wao."

Yule mwenye simu alianza kulia, akifuta picha ambayo ilishasambaa. Mama Prezida hakulia. Aliukunja mdomo, akawa anamtazama mgeni kama anavyotazama simu iliyoletwa ikiwa na maji ndani, akikadiria kama itapona.

"Na sisi tutajuaje kama unasema kweli?" akauliza.

"Hamwezi kujua," mgeni akasema.

Jibu hilo, nadhani, ndilo lililomshika. Mtu mwongo angeleta ushahidi.

Mwanasheria alipopata habari hakunigombeza. Alisema anatafuta nyumba nyingine, itachukua siku kadhaa, tusifungue mlango. Siku hizo zilikuwa ndefu. Simu yangu ililia mara mbili, nikapokea, nikasikia mtu anapumua. Mlinzi wa lango, Mzulu mtu mzima mwenye lile koti lake, aliniita pembeni.

"Gogo," akaniambia, yaani bibi, kwa lugha yake iliyochanganyika na Kiingereza, "kuna mwanamume mwenye kofia ameuliza ghorofa ya Wakongo. Nikamwambia, baba, ya Wakongo? Zote!" Akacheka kwa sauti. Nami nikalitazama koti lake na kujiuliza kama kweli alimjibu hivyo tu.

Jumapili ya juma lililofuata nilikwenda kanisani. Nisingekwenda wangekuja tena na vyungu. Nilimwacha mgeni amejifungia, nikapita kwenye robot, zile taa za barabarani, nikitazama nyuso za madereva wa teksi. Tulipomaliza nyimbo za kwanza, wageni wakaombwa kusimama. Akasimama mwanamume mmoja, nadhifu, kofia mkononi, sauti ya upole.

Alitaja jina. Alisema ametoka Johannesburg. Alisema anamtafuta mdogo wake wa kike, ambaye hajasikika muda mrefu, na mama yao ni mgonjwa sana na analia kumwona kabla hajafa. "Nimesikia amefikia kwa mmoja wenu," akasema. "Tafadhali, wazazi wangu. Nionyesheni tu alipo."

Kanisa lilivuta pumzi. Mama mgonjwa! Nani kati yetu hajafiwa na mama akiwa mbali? Nilisikia "pole, pole sana" kila upande. Kisha vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja, na kingine. Nilitazama sakafu. Nikawaza, kama anasema kweli, ninamnyima mama machozi ya mwanawe. Kama anasema uongo, kope zangu zikipepesa tu amejua. Sala haikuja.

Aliyesimama ni Mama Prezida.

"Alleluia!" akapaza sauti. "Mungu ametupa kaka! Bamama, mugeni hawezi kutoka na njaa. Imbeni!"

Wakaimba. Walimzunguka kabla hajamaliza kukaa, wakamshika mikono yote miwili, na ibada ilipokwisha wakamchukua hadi kwenye fleti ya mmoja wao kule Point, karibu na bandari, mimi nikiwafuata nyuma nisijue wana nia gani. Wakamkalisha katikati. Wakampakulia.

"Kula, kaka! Unakonda sababu ya kutafuta dada."

"Aksanti, Mama. Lakini yeye iko wapi?"

"Tutamupata. Durban ni ndogo. Kwanza, mama yenu anagonjwa nini?"

"Moyo."

"Moyo! Na anatibiwa hospitali gani? Niko na dada yangu ni nesi kule. Na pasta yenu ni nani? Na nyumba iko karibu na soko ao juu kwa mulima?"

Akajibu moja, akaruka jingine. Hapo Mama Prezida akatoa simu.

"Bon, sura hapa! Tunatuma picha yako kwa makundi yote, Ulaya, Kanada, nyumbani, batu bote bakuone. Mutu mwenye anakujua ataita dada yako. Kesho utakuwa umemupata!"

Simu sita zikainuka. Wakamkumbatia huku na huku, kila mmoja akitaka picha yake na kaka. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili alivaa kofia. Mara ya tatu aliinamia sahani.

"Aah, kaka, inua uso! Unaona haya kama bibi arusi!"

"Simu yangu inalia," akasema, ingawa hatukusikia kitu. Akatoka nje kuipokea. Tonge la fufu alilokwisha kulifinyanga lilibaki ukingoni mwa sahani yake. Tulingoja. Mmoja akaenda kutazama barazani, kisha kwenye ngazi. Alikuwa ameondoka.

"Njaa yake imeisha," akasema Mama Prezida, akaanza kukusanya vyombo.

Nilirudi nyumbani na picha yake katika simu yangu, nikamwonyesha mgeni. Alisimama dirishani akaitazama muda mrefu kuliko anavyotazamwa mtu asiyejulikana.

"Simjui," akasema.

Jioni, akifunga begi, akaniomba aione tena. Akaikuza kwa vidole viwili.

"Ana masikio ya kwetu," akasema taratibu.

"Basi ni ndugu yako? Mama yako kweli ni mgonjwa?"

"Mama yangu ana ugonjwa wa moyo tangu nikiwa mdogo. Mtaa mzima wanajua." Akanirudishia simu. "Ndiyo kazi yao, Mama. Wanamtuma mtu mwenye masikio ya kwenu."

"Na kama hakutumwa nao? Kama ametumwa na mama?"

Alikaa kitandani. Nilitamani nisingesema. "Basi mama atanisamehe," akasema, "au hatanisamehe."

Asubuhi yake mwanasheria alikuja na gari. Tulitoka kwa lango la nyuma, lile la takataka, na mlinzi akatufungulia bila kuuliza, amegeuza uso upande mwingine kwa makusudi, kama mtu anayeheshimu mwanamke anayejifunga kanga. Pale ndipo nilipomwamini mlinzi yule, wakati imani yangu haikuwa na faida kwake tena. Kwenye gari mgeni alinishika mikono.

"Mama, sitakupigia."

"Usinipigie."

"Wala usimuulize huyu nilipo."

"Sitamuuliza."

Niliweka kiganja kichwani pake, juu ya kitambaa, nikamwombea bila jina. Safari hii nilifumba macho mpaka mwisho. Yeye kama alifumba, sijui.

Zamani nikisikia watu wakisema mshikamano wa mataifa nilidhani ni neno la wenye kuvaa vitambulisho shingoni katika mikutano ya hoteli. Siku hizo niliona mnyororo wenyewe ulivyo. Kila mtu anashika mkono mmoja mbele na mmoja nyuma, na haruhusiwi kujua zaidi. Ni vigumu kwetu sisi, watu wa kuuliza habari za nyumbani mpaka jina la mbuzi. Mama Prezida alikwenda kwa mchungaji, wakazungumza mlango umefungwa, na tangu hapo Jumapili tunasema, mgeni anayependa kusimama, asimame. Wapo wanaobaki wamekaa. Tunawashika mkono vilevile, na chakula tunapeleka, simu zikiwa kwenye mikoba. Siwezi kusema tumeacha kuwashuku. Huwa namwona Mama Prezida akiwaangalia waliokaa, halafu akiwaangalia waliosimama, asijue awaogope wepi zaidi.

Miezi ikapita. Yule mwanamume hakuonekana tena, wala hakuna hata mmoja wa makundi yote yale aliyesema anamjua. Nilikuwa nikisikia habari za watu waliopotea, nikizima redio, nikiiwasha tena. Kisha siku moja baada ya ibada mwanasheria alikuja akaketi kando yangu, akainama kama anayefunga kiatu.

"Walisikilizwa, Mama," akanong'ona.

"Wazee?"

"Wote walifika. Walisema mbele ya hakimu. Hukumu bado, lakini walisema."

"Na yeye?"

"Yuko kazini."

Nilimtazama usoni binti yule wa Kenya, nikatafuta kama ananipa ukweli au ananipa dawa ya kumtuliza bibi kizee. Uso wake haukuniambia lolote. Amefundishwa kazi yake vizuri. Nikaamua kuamini, kwa kuwa kuna siku mtu hana kitu kingine cha kufanya kwa ajili ya mwenzake. Tukainua sauti na wengine katika wimbo wa mwisho.

Nawe unayesoma haya, sijui umetoka wapi wala hukuniambia jina. Mungu akulinde unapoingia na unapotoka. Akupe mlango utakaofunguliwa ukiugonga na watu watakaojua kunyamaza kwa ajili yako. Na siku mtu atakapogonga kwako, akupe moyo wa kumfungulia hata kama mkono wako unatetemeka kwenye komeo. Amina.